Carmel na Ngombe Iliyokosa Nyumba

Carmel ni mutoto wa binti yangu Maombi. Alizaliwa Kadutu, kwetu Bukavu, mwaka ule mvua ilibeba choo ya jirani ikaimwaga mbele ya mulango wetu, na mimi nilifikiri sitaona tena kitu ya kunitia kinyaa kupita ile. Nilidanganyika. Niliishi mupaka siku ya kumaliza kilio ya Xavier, nikaona ngombe nzima imetiwa ndani ya sashe za plastike nonante-six, makumi kenda na sita.

Watu wananiulizaka mujukuu wangu anafanya kazi gani. Najibu: anaandika parenteze. Wanacheka. Wacheke. Alisoma mathématiques, sasa ni assistante kwenye institut moja ya hapa Bukavu, na anafundisha vijana luga ya mashine, ile ya kompyuta. Katika ile luga hakuna kitu inazurura peke yake. Kila kitu iko ndani ya parenteze, yale mabano mawili, ile parenteze iko ndani ya ingine, na ile ingine ndani ya ingine tena, mupaka inje kabisa. Ukifungua lazima ufunge. Carmel mwenyewe amekuwa hivyo. Hawezi kupita sufuria iko wazi. Mutu akianza hadisi na kuiacha katikati, anamufuata mupaka jikoni: "Kisha? Ulisema alienda Miti, kisha?" Ana miaka makumi tatu na moja, pulovere moja ya bleu yenye viwiko vimeisha, na kifuniko cha kalamu ya bic anakitafuna mupaka kinakuwa sawa mufupa wa kuku. Nilimwambia mara nyingi ile kifuniko inanichafua roho. Anaitoa, anaipangusa kwa sketi, anairudisha kinywani.

Mimi sikumushangaa na parenteze zake, juu mimi nimeuza vitunga maisha yangu yote. Nilikuwa navitoa Mudaka, navipandisha na mugongo wangu mupaka soko. Vitunga vinabebwa kimoja ndani ya kingine: kubwa inameza ya kati, ya kati inameza kadogo. Ndiyo namna mwanamuke mumoja anabeba makumi mawili, na mununuzi anaona mwenyewe kadogo kapi ni ka mama gani. Carmel akiwa na miaka ine alivitoa vyote nikiwa nimegeuka, akavipanga kando ya barabara kimoja kimoja, sawa watu kwenye bomba ya maji. Alikuwa na furaha. Mwanamuke mumoja alipita, akachagua tudogo tuzuri tutatu, akaniachia mama zao bila kitu tumboni. Nilimupiga Carmel siku ile, na sijajuta.

Sasa nimutaje Xavier, ijapokuwa jina yake bado ni chungu kinywani. Xavier ndiye baba ya Maombi. Ngombe za kunioa hazikufika kwetu. Baba yangu alingoja, mimi nikangoja, kisha Xavier akamuoa Eulalie kanisani, na mimi nikabaki na Maombi na kichwa yangu ngumu. Sikumufuata. Sikutuma mutu. Nikimukuta njiani Mudaka na vitunga vyangu nilipita katikati ya barabara, yeye ndiye alishuka kwenye majani.

Lakini mutoto hana kosa. Kwa ile famiya yao iko desturi. Wakimaliza kilio ya mukubwa, baada ya misa, wanachinja ngombe na kuikata kwa nyumba. Mutu mumoja anasimama anaita: nyumba ya fulani. Wote wa ile nyumba wanasimama, wafu wao wanatajwa pamoja nao, na wanapewa kipande kizima juu ya jani ya ndizi, mguu ao mbavu ao kifua. Nani anakula nini, watajuana kwao. Na nyumba ikishaitwa mbele ya watu wote, imekwisha, hakuna tena mutu wa kuwauliza nyinyi ni wa nani. Maombi ana miaka makumi tano na moja. Nyumba yake haikuitwa hata siku moja. Alienda kila kilio ya kule, akaosha masahani, akarudi. Mimi kwa nafsi yangu sikutaka kitu kwa wale watu. Nilitaka tu masikio yangu isikie: nyumba ya Maombi.

Xavier mwenyewe, mwaka mumoja mbele ya kufa, alimwita Carmel Mudaka. Alikuwa amebaki ngozi na kikohozi. Alimwambia ataje famiya yote, yeye aiandike ndani ya mashine, watu wasije kugombana nyuma yake. Akataja kwa mahali: Mudaka, na ndani yake nyumba ya Eulalie na watoto na wajukuu. Miti, na ndani yake nyumba ya ndugu yake Télesphore. Sange, na ndani yake nyumba ya dada yake Gisèle, ule aliolewa chini kule kwenye joto. Carmel alikuwa anaandika, anafungua na kufunga. Akafikiri imeisha.

"Fungua ingine," Xavier alisema.

"Ya nani, Muzee?"

"Bukavu. Ndani yake nyumba ya Maombi. Jiweke weye na kaka yako. Kisha ufunge. Ufunge muzuri."

Carmel alipoleta ile habari nyumbani, Maombi alilia mupaka akashikwa na kwikwi. Mimi nilisema: "Kumbe alikuwaka na mudomo miaka yote hii." Nikaenda kufagia.

Xavier akakufa. Mwaka ukaisha, siku ya kumaliza kilio ikakaribia. Ule wa kusimamia mambo alikuwa Ulrich, mutoto wa kwanza wa Eulalie. Ulrich anafanya kazi kwenye ONG moja, shirika la misaada, tumbo inafika mbele ya yeye, na kijiti ya meno haitoki kinywani. Anaongea nacho. Anakigeuza kwa ulimi, kinatoka upande huu, kinaingia upande ule, na ncha yake imekuwa sawa brosi. Alimupigia Carmel telefone.

"Carmel, ile liste ya muzee, nitumie. Lakini ondoa mambo ya Mudaka, Miti, Sange. Batu basianze kusema nani iko wa wapi. Niachie nyumba tu."

"Sawa, tonton," mujukuu wangu akamujibu mujomba wake.

Alichoomba hakikuwa kibaya. Carmel alinielezea mwenyewe kwa vitunga vyangu, tumeketi chini jikoni. Katika luga yake iko neno moja, yeye anaiita aplatir, ni kulaza kitu kikae bapa. Ukiandika aplatir na namba moja nyuma yake, mashine inavua kitunga cha inje tu: mahali inafunguka, nyumba zinabaki zimefungwa kama zilivyo. Kisha angekata yale majina ine ya mahali kwa mukono, basi. Lakini ukisahau kuandika namba, mashine haikuulizi kitu. Inavua ya inje, inavua ya kati, inavua ya ndani, inashuka mupaka hakuna kitu inafunika kingine, na inakupangia wote kando ya barabara.

Na yeye alisahau namba. Ule anayefuata watu jikoni juu ya hadisi haijafungwa.

Nilimuuliza: "Na haukuangalia mbele ya kutuma?"

Akarudisha kitunga kadogo ndani ya mama yake. Kisha akasema, sawa mujukuu kwa nyanya yake, "Koko, niliona haya. Ningeangalia, macho ingeenda kwa jina ya mama. Ulrich angesema niliketi na liste, nikatupanga vile ninataka. Nilituma bila kufungua."

Haya. Kusoma kwote kule, anashindwa kufungua macho juu ya haya. Mambo hii nilijua nyuma ya ile siku, lakini. Siku yenyewe nilienda bila kujua kitu.

Tulifika Mudaka asubuhi, misa ikasomwa. Nilibeba kiti yangu mwenyewe na maji yangu ndani ya chupa, sikutaka kitu ya pale kinywani mwangu. Niliketi inje ya lupango, uwanja wa marehemu, kando ya uzio wa miyenzi, juu mimi si mujane na si mugeni. Pale nilikuwa nasikia yote na kuona karibu yote. Carmel na Maombi waliingia chini ya bashe, turubai ya kivuli. Maombi alivaa kitambaa mupya. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti sawa mutoto wa komunio ya kwanza.

Nikatafuta majani ya ndizi. Hakukuwa majani. Nikaona wachinjaji wawili na shoka, na chini, juu ya karatasi ya plastike, kilima cha vipande. Walikata ngombe ile sawa mutu anapasua kuni. Mufupa ulitawanyika ndani ya nyama, mavi ya tumbo yaligusa mbavu, na mutu mumoja alikuwa anasukuma vipande ndani ya sashe nyeusi kwa mukono wake mutupu, nyama ao mufupa ao utumbo vile mukono umeokota, anafunga, anatupa upande. Damu ilikusanyika kwenye pembe za sashe. Nzi za kijani zilishakuja. Jua lilikuwa kali, na harufu ikaanza kutembea kuja kwetu kwenye miyenzi.

Ulrich akasimama na karatasi.

"Bandugu, mwaka huu tunafanya kwa namna ya kisasa. Kila mutu na kichwa yake, kila kichwa na sashe yake. Mutoto na muzee, wote sawasawa. Iko démocratie. Tuko nonante-six."

Nilimuona Carmel anainua kichwa. Kifuniko cha bic kikamutoka kinywani kikaanguka chini.

Ulrich akasoma. "Mudaka."

Watu wakatafutana na macho.

"Mudaka. Nani iko Mudaka?"

Muzee mumoja wa Miti akasema, "Mudaka njo hapa unakanyaga, Ulrich. Uipe sashe yake."

Watu wakacheka. Ulrich akageuza kijiti yake. "Hayuko. Weka pembeni." Na ule wa sashe akaweka moja pembeni, kweli, ya Mudaka. Kisha wakamupa sashe Miti. Walipofika kwa Sange, mwanamuke mumoja wa kwa Gisèle akajibu, "Iko njiani inakuya, ilikosa gari," na pale watu walicheka mupaka wakajipiga mapaja. Sikucheka. Nilikuwa naona mujukuu wangu anavyokuwa na rangi ya majivu.

Aliita Eulalie. Mujane yule, miaka makumi nane, alisimama juu ya fimbo yake apewe sashe sawa mutu wa mitaani. Akapewa utumbo. Nyuma yake mutoto wa miaka mitatu akapewa nyama ya paja. Nilimuchukia Eulalie miaka makumi tano, nikiwa na sababu, lakini kuona damu inamutiririkia kwenye kiwiko, inaingia ndani ya mukono wa kanzu ya kilio, niligeuza uso.

Kisha Ulrich akasoma, "Honoré."

Hakuna aliyejibu.

"Honoré. Absent. Pembeni."

Honoré alikuwa mutoto wa Eulalie, mudogo wa Ulrich mwenyewe. Alikufa na miaka sita. Xavier alimutaja kati ya ndugu zake, juu wafu wanatajwa na nyumba yao. Ndani ya ile karatasi alikuwa amesimama mustari sawa na wengine, na Ulrich hakukumbuka hata. Eulalie alikuwa anachora chini na fimbo yake. Niliona tu fimbo imesimama.

Ikaendelea hivyo. Télesphore, absent. Wafu wengine watano, absent. Sashe zao zilikuwa zinabebwa, si pembeni tena, zinaingia kwenye gari ya Ulrich, nyuma, ndani ya bidon, pipa ya bleu ya kukatwa. Niliona kwa macho yangu. Mutu mwenye kazi, mwenye gari, anakusanya nyama ya wafu na ya mahali.

Mwisho kabisa: "Bukavu. Absent. Maombi."

Binti yangu akasimama peke yake. Hakuna nyumba. Jina tu, nyuma ya watu wa Sange. Wanawake wawili walikuwa karibu na miyenzi, mumoja akauliza, "Ule ni wa nani?"

"Bila shaka ni wa kwa Gisèle. Si ule anaoshaka masahani?"

Maombi alisikia. Mimi nilisikia. Alinyoosha mukono akachukua sashe, akasema asante, na akaketi nayo juu ya kitambaa mupya, damu inapita.

Hapo nilisimama ili niende. Nilishika kiti yangu. Nilikuwa na kinyaa kwa Ulrich, kwa ile nyama, kwa watu waliocheka, kwa Xavier aliyengoja mupaka kukohoa damu ndipo afungue kinywa, na zaidi kwa Carmel. Kitu kimoja tu alipewa kufunga.

Lakini Carmel alikuwa ameshafika mbele, na telefone mukononi.

"Tonton, ile liste iko na kosa. Kosa ni yangu. Niruhusu nisome ile ya Muzee."

"Liste njo hii ulituma. Nyama imeisha kukatwa, mutoto. Keti."

"Nilisahau namba moja, mashine ikavunja nyumba zote. Lakini mashine ikiaplatir inatoa liste ingine, mupya. Ile ya kwanza haiigusi. Iko hapa vile Muzee aliitaja."

"Na ngombe? Iko na ya kwanza ndani ya telefone?" Ulrich akageukia watu, kijiti kinacheza. "Binti anatafuta nafasi ya mama yake. Tunaelewa. Keti."

Ndiyo ile neno aliogopa. Ilisemwa mbele ya wote, na hata aliogopa bure, juu ingesemwa tu. Hakuketi.

Ni Eulalie aliongea, bila kusimama. Sauti yake ilikuwa ya chini, watu walinyamaza ili wasikie.

"Ulrich. Honoré yangu, wapi aliandikwa absent?"

"Maman, ni namna ya kusoma tu."

"Nilimuzika miye. Anakuwa absent namna gani?" Akaweka sashe yake chini, akaisukuma kwa fimbo. "Toa ile kijiti kinywani. Carmel, soma vile muzee alisema."

Carmel akasoma. Hakusoma haraka. Alisema, "Nyumba ya Eulalie," akataja wote wa ndani, na Honoré kati yao, kisha akanyamaza kidogo, ndiyo namna yake ya kufunga. Watu wa ile nyumba wakatazamana. Mwanamuke mumoja akakimbia kukata jani ya ndizi, akalitandika chini, na wakaanza kufungua zile sashe na kuzimwaga pamoja. Carmel akasema, "Ya Honoré bado." Watu wote wakatazama gari. Ulrich akaenda kuleta. Alitembea kila mara: ya Honoré, ya Télesphore, ya wale watano, kila mufu alipotajwa ndani ya nyumba yake. Shati yake ikakuwa na damu mupaka mukanda. Hakuna aliyemusaidia, na hakuna aliyemufukuza.

Watu wa Sange, nyumba ya Gisèle, wakasimama wote.

Kisha Carmel akasema, "Nyumba ya Maombi." Sauti ikakatika. Akaanza tena. "Nyumba ya Maombi. Maombi, Carmel, Akonkwa."

Ule muzee wa Miti, aliyefanya mizaha ya Mudaka, akasema, "Simameni, tubaone." Wakasimama: binti yangu, Carmel, na kaka yake Akonkwa aliyetoka kazini kiwandani na boti za mpira. Watatu tu. Sashe tatu juu ya jani kubwa, ilikuwa kitu kidogo sana. Eulalie akamutuma mutu achukue sashe ya Bukavu ndani ya gari aiongeze. Ikakuwa ine. Wale wanawake wawili karibu na miyenzi hawakuuliza tena.

Sikuingia kusimama nao. Mimi sikuwa ndani ya ile liste, Xavier hakuniandika, na angeniandika ningefuta.

Mbele ya kuondoka Carmel alinifikia. Alikuwa anatoka jasho ndani ya ile pulovere.

"Koko, ulisikia?"

"Nilisikia. Ungefungua macho mbele ya kutuma, ningesikia juu ya mguu muzima, si juu ya matumbo na muchanga."

"Njo hivyo, Koko."

"Kifuniko cha bic kilianguka kwenye damu. Usikiokote."

Alikuwa ameshakiokota. Aliniangalia, akakitupa kwenye miyenzi.

Tulishuka kwa miguu kutafuta gari. Maombi alitangulia na jani yake juu ya kichwa, limekunjwa, linatona nyuma ya shingo yake. Ile nyama ilikuwa na jua ya siku nzima, na nzi zilitusindikiza. Nilimwambia aitupe kwa mbwa. Akakataa. Nilimwambia sitaikula, hata atie limau na pilipili ya soko yote. Akasema nisikule basi.

Kwenye barabara mwanamuke mumoja muuza mahindi aliangalia ile jani, akamuuliza: "Maman, nyama yote hiyo, munatoka nayo wapi?"

"Kwetu," Maombi alijibu.

Ilikuwa inanuka. Nikaacha aibebe.